Kifudifudi

Kibanda changu kiko chini ya ngazi, nyuma ya soko la Kutaisi,
kati ya muuza jibini na mwanamke wa viatu vya mtumba.
Upana wake mikono miwili. Taa moja, koleo ndogo,
bisibisi nyembamba kama sindano,
na kitambaa cha buluu ninacholazia simu za watu
kama daktari alazavyo mgonjwa: uso juu.

Wananiachia na namba ya siri, imeandikwa kwenye karatasi ya mkate.
"Utaijaribu, Gocha, uone kama kioo kinashika."
Mwaka aliozaliwa mtoto. Mwaka wa msiba.
Mbili mbili mbili mbili ya mvivu.
Anayekupa ufunguo wa mlango
hajakukaribisha jikoni.

Alhamisi alikuja Lamzira, fundi cherehani wa mtaa wa juu,
simu imepasuka kona hadi kona
kama barafu ya dimbwi iliyokanyagwa na mtoto.
"Iliniponyoka," akasema. Sikuuliza.
Ndani ya ufa mlikuwa na chembe za chokaa,
chokaa ya ukutani, si ya sakafuni.

Nikabadilisha kioo. Nikawasha.
Sijagusa chochote, ikalia mara moja,
mstari ukashuka kutoka juu, bila hodi:
*Usije nyumbani kabla ya*
na yaliyobaki yakamezwa na ukingo.

Macho hayana pazia, walisema waliotangulia,
nao hawakuwahi kuona kitu kinavyojifunua chenyewe
mezani pa watu, kando ya bakuli la maharage,
mama mkwe akijidai anatafuta chumvi.

Kabla ya nini? Ya giza? Ya yeye kulala?
Kabla ya pesa, ya daktari, ya kanisa?
Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, unene wa kucha tu.
Nakiri: kilikaa hapo.
Muuza jibini alikata kipande, akapima, akafunga,
akarudisha chenji,
na kidole bado kiko hewani.
Kisha nikailaza simu kifudifudi
nikaenda kununua jibini nisilolihitaji.

Aliporudi sikumwambia nilichokiona
wala nilichokosa kukiona.
Nilisema tu: "Mama, kuna mpangilio mmoja watu wengi hawaujui."
Hapa, arifa. Hapa, skrini ikiwa imefungwa.
Hapa, chagua isionyeshe maneno.
Itasema tu, Una ujumbe,
kama tarishi mwenye adabu
anayesimama kizingitini na bahasha ya lakiri.
"Na namba yako badilisha. Usitumie siku ya kuzaliwa
ya mtu yeyote anayekula mezani pako."

Alinitazama. Kisha akanipa mgongo,
akabonyeza namba sita, bega likiwa ukuta.
Akauliza bei.
Nikataja ya kioo peke yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi kata nayo ijifunze kutundikwa,
ikauke.

Usiku Nestan alikuwa bafuni, maji yanamwagika,
simu yake mezani, karibu na mkate.
Ikawaka. Miaka kumi na tisa ya ndoa,
nami nikaona mwanga tu, ukipanda hadi darini:
Una ujumbe.

Aliubadilisha lini huu mpangilio? Nani alimfundisha?
Fundi ni mimi.
Nilikaa na swali hilo kama mtu aliyekwama mwiba wa samaki,
anameza mate, anatabasamu.
Mkono wangu mmoja niliukalia.

Akatoka, nywele kwenye taulo,
akaichukua, akasoma, akacheka kidogo puani,
akaiweka palepale. Uso juu.
Nikamkatia jibini.
"Hili la nini?" akauliza. "Tunalo tele."
Nikasema nilipita tu,
muuzaji alikuwa na bei nzuri.